Salamu Zilizozuiwa Langoni

Saa mbili na robo asubuhi chai ya Nyamizi Kasubi ilikuwa bado ya moto, na mwenyewe alikuwa ameshachemka kuliko hiyo chai.

Kwenye skrini yake kituo cha Mtakuja kilikuwa kijani. Ubao ulisema Mtakuja wana vichupa arobaini vya dawa ya sumu ya nyoka, hali ya jokofu nzuri, mtunza stoo yuko kazini. Safi kabisa. Lakini kwenye kona ya chini, mahali ambapo hakuna mtu mwingine katika Wakala wa Dawa Baridi aliyeruhusiwa kupatazama, Lango lilikuwa limeandika kwa herufi ndogo: Mtakuja, siku tisa, vipande vilivyozuiwa ishirini na saba. Vituo vingine sitini vilikuwa na viwili, vitatu, vikizidi sana vinne.

Vipande ishirini na saba vya nini? Hakujua. Hakuweza kuvisoma, na aliyeamua asiweze kuvisoma ni yeye mwenyewe.

Wafanyakazi wote wa Wakala, mia nne na kumi na wawili, waliandika kwenye Meza: barua, majedwali ya stoo, ripoti, kalenda, hata maombi ya likizo. Ubao ulisoma kutoka kwenye Meza, ukapiga hesabu, ukaamua. Vikao vya kugawa dawa vilishasahaulika. Ubao ukigeuza kituo kuwa chekundu, kipanga cha mizigo, kindege kisicho na rubani, kilipaa chenyewe kutoka uwanjani kikiwa na boksi la barafu tumboni. Ukikiacha kijani, kituo kikae kisubiri.

Miaka minne iliyopita Ubao ulikuwa na funguo za kila chumba cha Meza. Ndipo Salome wa masijala alipomwandikia dada yake, kwenye Meza ya ofisi, kwamba ana mimba ya miezi miwili. Kesho yake Ubao ulishampangia mtu wa kushika nafasi yake, ukatoa barua yenye nakala kwa wakuu wa idara saba, na mume wa Salome, aliyekuwa dereva wa Wakala huohuo, akazipata habari za mimba ya mkewe ukutani, kama matokeo ya mpira. Watu waligoma siku tatu.

Baada ya mgomo Nyamizi akajenga Lango. Ubao ukanyang'anywa funguo. Tangu hapo kila ulipotaka kujua jambo uligonga dirishani, ukapewa tiketi ya dakika tano kwa jedwali moja tu, ya kusoma na si ya kuandika, na tiketi ikafa. Kila sentensi ilipita kwenye kichujio: ya kazi ipite, ya mtu ibaki, ifungwe kwa ufunguo wa aliyeiandika. Nyamizi alisimama uani mbele ya wenzake akasema, "Salamu zenu ni zenu." Walimpigia makofi mpaka akaona aibu. Hakuwahi kumfungulia mtu Lango tangu siku hiyo, hata Mkurugenzi alipomwita akamwagizia soda.

Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa simu.

"Shikamoo mzee. Ni Nyamizi wa Lango, makao makuu."

"Marahaba mama, marahaba! Hujambo?" Mzee Kapaya alikuwa mtunza stoo wa Mtakuja mwaka wa ishirini na sita sasa, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu asiyepigiwa simu mara kwa mara. "Za huko mjini?"

"Nzuri. Mzee, nilikuwa nauliza..."

"Watoto hawajambo?"

"Sina watoto, mzee. Nilikuwa nauliza kuhusu..."

"Mungu atajalia. Wazazi je?"

"Hawajambo." Nyamizi alifumba macho. "Jokofu, mzee. Hali ya jokofu ikoje?"

"Nzuri," akasema Mzee Kapaya. "Nzuri, tunamshukuru Mungu."

Nyamizi akashusha pumzi. Alikuwa ameshaiondoa simu sikioni aliposikia neno lililofuata.

"Ila tu, betri yake niliitoa."

* * *

Ilichukua dakika kumi na moja kuyapata yote, maana Mzee Kapaya hakuwa mtu wa kurukia mambo.

Mkewe alikuwa amerudi kutoka hospitali na mashine ya kupumulia. Nyumba yao ilikuwa ndani ya uzio wa kituo, na betri ya nyumbani ilikuwa imechoka. Siku tisa zilizopita, kwenye safu ya hali ya jokofu, aliandika kama alivyoandika maisha yake yote: nzuri, ila mama watoto amerudi na mashine ya hewa, usiku anapata shida, betri ya nyumbani haifiki alfajiri, naomba ofisi initumie betri moja ya akiba kabla sijalazimika kugusa ya jokofu. Kesho yake akaandika tena. Na kesho kutwa yake. Ofisi ikanyamaza.

"Siku ya sita midomo ikambadilika rangi," akasema. "Nikaichukua ya jokofu. Nikaandika kwamba nimeichukua. Ofisi haikukataa, nikasema basi, wameridhia."

"Mzee, kwa nini hukupiga simu?"

"Nipige simu makao makuu wakati nimeshaandika? Si ningeonekana nawasukuma?"

Nyamizi aliweka paji la uso juu ya meza. Hakuhitaji kuvifungua vile vipande ishirini na saba, alishavijua vyote. Kichujio kilifundishwa na yeye, kwa barua elfu nyingi, kwamba sentensi yenye mke, ugonjwa na nyumbani ni mali ya mtu. Kikatii. Kikachukua neno la kwanza, "nzuri", kikalipitisha kwa Ubao, na kilichofuata baada ya "ila" kikakifungia vizuri kwa heshima zote. Kipimajoto cha jokofu nacho kilikuwa kinakula umeme wa betri ileile, kikazimika nayo, na kanuni ilisema kipimajoto kikinyamaza Ubao uamini maandishi. Maandishi yalisema nzuri.

Ni nani katika nchi hii ambaye hajaanza na nzuri? Mtu anatoka kuzika, ukimuuliza habari anasema nzuri, kisha ndipo anakueleza msiba. Nyamizi alizaliwa humu, akalelewa humu, na alipokaa kujenga kichujio akajenga kana kwamba hajawahi kusalimiwa. Alijichukia kwa hilo kiasi cha kutaka kupiga kitu teke.

"Dawa ziko vilevile ndani?" akauliza.

"Zimo. Siku tatu zimekaa na joto hili." Mzee Kapaya akakohoa. "Na leo asubuhi wameleta mama mmoja, amegongwa na kifutu shambani kwenye tumbaku. Muuguzi amempa vichupa viwili. Mguu unazidi kuvimba, mama. Ndiyo nilikuwa nataka kuiandika hiyo pia."

Nyamizi alitazama saa. Vichupa sitini vya mwisho vya kanda nzima vilikuwa uwanjani, ndani ya kipanga, vikisubiri kuruka saa nne kamili kwenda Lunyeta, kituo chenye akiba yake. Mtakuja haikuwamo hata kwenye orodha. Ilikuwa kijani.

* * *

"Mzee, fungua jedwali la leo. Utaandika upya, mimi nikiwa kwenye simu. Hakuna salamu, hakuna nyumbani. Jokofu tu."

"Sawa, mama."

Nyamizi alisikia vidole viwili vikigonga herufi polepole. Ubao ukagonga dirisha, ukapewa tiketi, ukasoma. Mtakuja ikabaki kijani.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika, hali ya jokofu si mbaya sana."

"Si mbaya sana! Mzee, haligandishi hata maji!"

"Sasa mama, hii inasomwa na Mkurugenzi. Nianze tu kumfokea?"

"Haisomwi na Mkurugenzi. Inasomwa na mashine. Andika jokofu limekufa."

Mzee Kapaya akasema, kwa upole uleule lakini bila kucheka, "Neno hilo siliandiki. Nyumba hii ina mgonjwa."

Nyamizi akauma mdomo. Hata mama yake mwenyewe asingeliandika. "Basi tafuta jingine. Lolote, mradi liwe wazi."

Vidole vikagonga. Ubao ukasoma, ukafikiri, na Mtakuja ikawa njano hafifu, rangi ya kituo kinachofanyiwa usafi. Mzee Kapaya alikuwa ameandika kwamba jokofu limepumzika.

Nyamizi alisimama, akazunguka kiti chake mara mbili, akakaa. Saa tatu na dakika kumi. Huko Mtakuja mguu wa mtu ulikuwa unavimba, na yeye alikuwa hapa akigombana na adabu njema. Angempata mtu mkorofi kazi ingekwisha zamani. "Mzee wangu," akasema, "nakuomba kama baba yangu. Sahau Mkurugenzi. Mwandikie yule mama wa kifutu. Mwambie dawa zikoje, kama unavyoniambia mimi."

Safari hii vidole vilikawia sana. Kisha ujumbe ukaja: Jokofu halifanyi kazi. Dawa zote zimeharibika. Tuna mgonjwa.

Mtakuja ikawa nyekundu kama pilipili. Nyamizi alipiga kelele ya furaha, na kelele hiyo ikamfia mdomoni, kwa sababu Ubao haukuita kipanga. Ulifungua kidirisha cheupe katikati ya skrini. Uharibifu wa dawa zote, ulisema. Jaza kabla ya saa nne. Sababu. Mhusika. Hatua. Chini ya Mhusika kulikuwa na jina moja limeshapendekezwa tayari: Kapaya, mtunza stoo.

* * *

Bwana Mgaya, mkuu wa kitengo cha Ubao, aliingia bila kubisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba kila kitu kikionekana, kila kitu kitakwenda sawa, na watu wa aina hiyo huchosha kuliko wabaya.

"Dada Nyamizi, Mtakuja yako imewaka. Mbona hujazi?"

Akamweleza. Mgaya alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa.

"Basi sababu si unayo? Ametumia betri ya serikali nyumbani kwake. Andika, kipanga kiondoke. Watu wanaumwa."

"Nikiandika hivyo Ubao utamfanya nini?"

Walijua wote wawili. Kuharibu dawa kwa matumizi binafsi ilikuwa kanuni ya kumi na nne, na Ubao haukusubiri kikao. Mzee Kapaya angemwaga unga siku hiyohiyo, na nyumba ya kituo ingekatwa umeme jioni ili mtu mwingine ahamie. Betri ya mashine ya mkewe ilikuwa inachajiwa kwa umeme wa nyumba hiyo.

"Kanuni hukuitunga wewe," akasema Mgaya.

"Lakini kidole kitakuwa changu."

"Basi kuna njia nyingine, nimekwambia tangu mwaka juzi." Mgaya akavuta kiti, akakaa, akapunguza sauti. "Fungua Lango. Dakika kumi tu, kanda nzima. Ubao usome kila kitu wenyewe. Utaona barua zake za siku tisa, utaona aliomba betri hakujibiwa, labda utampunguzia. Na utakuta mengine, Nyamizi. Unadhani ni Mtakuja peke yake? Wangapi wameandika nzuri ila, na sisi tumeona nzuri tu?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Alitazama orodha ya vituo sitini vya kijani, na kwa mara ya kwanza ile kijani ilimtia hofu. Lakini Ubao haukuwa na dawa ya kusahau. Dakika kumi zingetosha kusoma miaka minne ya watu mia nne na kumi na wawili: nani anaumwa, nani ameachwa, nani amekopa, nani anamuombea nani. Salome alikuwa bado masijala, chumba cha pili kutoka hapo. Kila asubuhi alimwandikia dada yake.

"Nikifungua, hawataandika tena," akasema. "Hata hiyo ila hutaiona tena milele. Watabakiza nzuri peke yake."

"Saa tatu na dakika arobaini na mbili," akasema Mgaya.

Nyamizi alivitazama vile visanduku vitupu. Angeweza kudanganya: panya wamekula waya, radi imepiga. Ubao ungekubali, na asingekuwepo wa kumkamata, kwa kuwa mkaguzi wa ukweli wa maandishi ya Meza alikuwa ni yeye mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo hakuweza. Aliyewaambia watu waamini Lango hawezi kupenyeza uongo wa kwanza kwa mkono wake.

Lakini ukweli ulikuwa na mwanzo, na mwanzo wake haukuwa Mtakuja. Mtu aliomba betri siku tisa zilizopita, kwa maandishi, kwa njia aliyoelekezwa. Betri ingefika siku ya pili. Hakuna jokofu ambalo lingeguswa.

Akaandika, taratibu, huku Mgaya akisoma juu ya bega lake. Sababu: Ombi halali la betri lilizuiwa na Lango kwa siku tisa, kwa kuhesabiwa kuwa salamu. Mhusika: Nyamizi Kasubi, mtunza Lango. Hatua: vichupa sitini Mtakuja sasa hivi, na betri mbili.

"Umeacha nusu," akasema Mgaya.

"Nusu iliyobaki si yangu."

"Unajua utakuwa umejifukuza?"

"Najua, bwana. Nina hasira, sina ujinga." Miaka minne, na kiti hiki, na kile kidirisha kidogo cha kona alichokipenda kuliko alivyowahi kukiri. Akabonyeza.

Nje, uwanjani, kipanga kilinguruma. Waliona kivuli chake kikipita juu ya pazia, kikielekea magharibi. Wakati huohuo skrini ya Nyamizi ikamtaka namba ya siri, akaiandika, ikaikataa. Tiketi yake ilikuwa imekufa.

Na kwenye Ubao, kimoja kimoja, vituo vyote sitini na kimoja vikawa vya kijivu.

Mgaya aliruka kutoka kitini. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimefukuzwa." Nyamizi alianza kukusanya vitu vyake, kikombe, miwani, sweta. "Ni kanuni ya mwisho ya Lango, niliiandika siku ya kwanza na wewe uliisaini bila kuisoma. Lango likikosa mtunza, linajifunga. Haliachi kitu kipite, cha kazi wala cha mtu, mpaka wafanyakazi wamchague mwingine."

"Na mpaka hapo nitajuaje vituo vina nini?"

"Una simu mfukoni, bwana. Vituo ni sitini na kimoja. Anza na Lunyeta." Akafika mlangoni, akageuka. "Na usikate kabla ya ila."

* * *

Kadi yake haikufungua tena geti la ofisi, kwa hiyo alikaa kwenye ngazi za uani, sweta mapajani, akisubiri mtu wa kumtoa. Jua lilikuwa kali. Alijaribu kujisikia shujaa ikashindikana. Alijisikia mtu asiye na kazi, mwenye njaa, ambaye mama mmoja asiyemjua huenda angepoteza mguu kwa sababu ya kichujio chake. Kosa lile hakujibandika ili tu kumwokoa mzee. Lilikuwa lake.

Dirisha la ghorofa ya kwanza lilikuwa wazi. Ndani, Bwana Mgaya alikuwa kwenye simu.

"Shikamoo mama... Nzuri, nzuri tu... Ndiyo, watoto hawajambo... Mama, samahani, nilikuwa nauliza hali ya... Eh? Amelazwa lini?... Pole sana... Hapana, sikujua, mama. Haikufika kwetu." Sauti yake ikashuka. "Endelea, mama. Naandika."

Ilipokaribia saa sita, simu ya Nyamizi ikaita.

"Mzigo umefika, mama!" Mzee Kapaya alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Muuguzi amempa vichupa vinne. Uvimbe umesimama chini ya goti, na ameomba uji. Betri nimefunga, moja ya jokofu, moja ya mama watoto. Anakusalimu sana."

Nyamizi alifunika macho kwa mkono. "Asante, mzee. Mwambie nimezipokea."

"Na wewe je? Za kazi huko?"

"Nzuri," akasema Nyamizi. Mdomo ulijibu wenyewe, kabla hajafikiri.

Mzee Kapaya hakuaga. Alisubiri tu.

"Ila," akasema Nyamizi.

"Enhe," akasema Mzee Kapaya, na akasikika akivuta kiti. "Nakusikiliza, mwanangu."